Mwako wa Refa

Refa alipojikojolea usingizini kwa mara nyingine wiki ile, Tusekile Mwambene alijua mafundi wameishiwa nguvu tena. Akamfuta kwa kitambaa na maji ya moto, akamviringisha kwenye blanketi, akamwita mumewe waje wamwingize mbwa garini. Ambakisye alimbeba kifuani taratibu, kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye ngazi zenye utelezi.

"Mama Sekela," alisema akiwasha gari, "kile kiwanja chetu cha Uyole chote sasa kimo kwenye mishipa ya huyu mbwa."

"Kwani kiwanja kilishawahi kukupokea mlangoni?"

Ambakisye akacheka kidogo. Akaelekeza gari zahanati.

Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa, na hakuna aliyebweka. Hicho ndicho kitu ambacho Tusekile hakuwahi kukizoea: zahanati ya wanyama iliyo kimya kama ukumbi wa mtihani. Mbwa, paka, hata kasuku mmoja aliyenyonyoka shingo, wote walikuwa wamelazwa juu ya mikeka ya kuchajia, na mikeka ilikuwa inavuma chini chini kama friji. Tangu mafundi waje, mnyama wa nyumbani hafi mwenyewe. Mafundi ni chembe za mashine, ndogo kuliko chembe za damu. Zinaingizwa kwa sindano mara moja, halafu zinazunguka mwilini zikiziba na kushona. Figo ikilegea wanaishikilia. Moyo ukisahau pigo wanaukumbusha. Kazi ya mwenye mnyama ni kuwaleta wachajiwe kila wiki, na kulipa. Siku mnyama atakapokufa ni siku ambayo mwenyewe atatamka kwamba basi. Na nani anaamka asubuhi, anapiga mswaki, halafu anatamka?

Mzee mmoja aliyekaa jirani nao alikuwa amempakata paka mweupe.

"Ana miaka thelathini na moja," alisema kwa fahari kabla hajaulizwa.

"Anaitwa nani?"

"Malaika."

Tusekile akainama, akamwita paka kwa jina. Hata sikio halikutikisika.

"Siku hizi hasikii," mzee akaeleza. "Wala haoni. Lakini moyo wake sasa! Hebu weka mkono hapa, mama. Saa ya ukutani haimfikii."

Tusekile aliweka mkono. Kweli, moyo ulikuwa unadunda vizuri sana. Akauondoa mkono wake upesi, akaupangusa kwenye kitenge bila kujua kwa nini.

Daktari Mgaya, mwanamke kijana mrefu kutoka Njombe, aliwapokea kwa shikamoo mbili, ya mama na ya baba, akamlaza Refa kwenye mkeka wa ofisini kwake. Alitazama kishikwambi chake kwa muda, kisha akakiweka chini kifudifudi. Tusekile alikuwa ametangaza mpira redioni nusu ya maisha yake. Alimjua kocha anayetoka vyumbani akiwa tayari amekubali kufungwa.

"Mafundi hawa wamefika mwisho," daktari akasema. "Kuwachaji hakusaidii tena. Tunaweza kumwekea kizazi kipya. Hao ni imara, na gharama yao ni mara tatu ya hawa. Ataishi miaka mingine, mimi nawahakikishia. Ila atakuwa analala zaidi ya hivi."

"Atanijua?"

"Harufu yako, labda. Baadhi yao hutikisa ncha ya mkia."

"Na ule mpango wa pili?" Ambakisye akauliza.

Tusekile akamgeukia. Kumbe alishauliza. Kumbe hawa wawili walishaongea.

"Kuna Mwako, mama," daktari akasema kwa upole. "Nguvu ambayo mafundi wangeitumia kidogo kidogo kwa miaka, tunawaamuru waitumie yote kwa siku moja. Asubuhi anaamka kijana. Anaona, anasikia, anakula chochote, anakimbia. Jua likizama, mafundi wanazimika wote pamoja, naye analala. Hakuna maumivu."

"Halafu haamki."

"Haamki, mama."

Akafungua droo, akatoa bomba la sindano lenye kifuniko cha rangi ya chungwa. "Sheria inatutaka tuwape na hii. Tunaiita breki. Mkibadili mawazo kabla jua halijazama, mnamchoma shingoni, mafundi wanapunguza moto, anarudi alivyo leo. Tunamwekea wale wapya, anaendelea kuishi. Lakini Mwako hauwashwi mara ya pili."

"Yaani mnanirudishia mbwa wangu mzima," Tusekile akasema polepole, "mnanipa na dawa ya kumzuia asife, halafu mnategemea nisiitumie."

"Sitegemei chochote, mama. Wengi huitumia. Wengine husema afadhali wasingewasha kabisa."

Mkeka ukaanza kuvuma, kwa kuwa saa yake ya kuchaji ilikuwa imefika hata kama haisaidii. Refa alifumbua jicho moja lenye ukungu. Akageuza kichwa, polepole, mpaka pua ikagusa ukuta, akakaa hivyo. Kichwa tu, mwili haukuweza kufuata. Tusekile alikuwa amemwona akifanya hivyo kila wiki, na kila wiki alijiambia mbwa anatafuta usingizi.

Walimrudisha Refa nyumbani bila uamuzi. Tusekile aliutoa Ijumaa, akimenya viazi jikoni, mgongo wake ukiwa umemwelekea mumewe.

"Jumapili."

"Jumapili nini?"

"Tumpeleke Uporoto. Juu kule, kwenye majani."

Ambakisye alizima redio. Alisimama nyuma yake akawa hajui mikono yake aiweke wapi, mwishowe akachukua kisu akaanza kumenya naye.

*

Daktari Mgaya alifika nyumbani kwao Isanga kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka, koti limejaa umande. Walimlaza Refa sebuleni juu ya kapeti. Daktari akagusa kishikwambi mara mbili, akasogea nyuma, akakumbatia kikombe cha chai alichopewa.

Hapakutokea kitu. Ambakisye akakohoa.

Ndipo sikio la kushoto likasimama.

Lilikuwa limelala miaka mingi kiasi kwamba Tusekile alishasahau kuwa huwa linasimama. Likafuata la kulia. Pua ikaanza kufanya kazi, ikinusa kapeti, ikinusa hewa, ikielekea jikoni ambako chapati zilikuwa zimefunikwa. Ukungu wa machoni ulikuwa unaondoka waziwazi, kama kioo cha gari kinavyosafishwa na waipa, na nyuma yake yakatokea yale macho ya kahawia yenye utundu. Refa akasimama. Akajinyoosha, makalio juu, miguu ya mbele imetangulia. Akajikung'uta mwili mzima kuanzia kichwani hadi mkiani, manyoya yakaruka, kisha akamtazama Tusekile.

Alibweka! Mara moja tu, sauti nene, ile ya kwake. Majirani wawili wakafungua madirisha.

"Refa!" Tusekile alipiga kelele. "Refa, mshenzi wewe!"

Mbwa alimrukia kifuani, akamwangusha kwenye kochi, akamlamba uso mzima, akatoka pale akazunguka meza, akaenda kumrukia Ambakisye, akarudi, akaingia jikoni. Kifuniko kililia kikigonga sakafu. Walipofika, chapati ya pili ilikuwa inamalizikia kooni na ya tatu iko njiani.

"Mwacheni," daktari alisema akicheka, machozi yakimtoka bila yeye kuyaonea aibu. "Leo hakuna diet."

Hivi ndivyo alivyokuwa tangu alipokuja. Alikuwa mtoto wa mbwa asiye na kwao, aliyepenya chini ya uzio wa uwanja dakika za mwisho za mechi ya ligi, akachukua mpira uliokuwa unaelekea kona, akaondoka nao. Tusekile alikuwa hewani. "Mabibi na mabwana," alitangaza, "refa mpya ameingia, na amechukua mpira, na hamsikilizi mtu!" Mkoa mzima ulicheka. Baada ya mechi alimkuta mtoto yule amelala chini ya meza yake ya kutangazia, amezungukwa na nyaya, na kuanzia siku hiyo hakutangaza mechi bila yeye miguuni.

Ambakisye alipofungua geti ili atoe gari, Refa hakulisubiri lifunguke lote. Aliliruka.

*

Barabara ya kupanda Uporoto ilikuwa kavu. Ambakisye aliendesha kwa mikono, kwa sababu gari lao lilikuwa la zamani, la kabla ya yale yanayojiendesha, na Tusekile alishukuru kwamba mumewe ana kitu cha kushughulisha macho. Refa alikuwa ametoa kichwa dirishani, masikio yamegeuka ndani nje kwa upepo, anabwekea mitambo ya umeme wa upepo iliyosimama mgongoni mwa milima, anabwekea mashamba ya pareto, anabwekea ng'ombe. Kila aliyewapita njiani alitabasamu. Mama mmoja aliyebeba kabichi aliinua mkono akasema, "Eeh, huyo ana afya!"

"Sana!" Tusekile akajibu, na moyo ukamruka kwa furaha na kwa kitu kingine kilichokuwa kinakuja nyuma ya furaha hiyo.

Walisimamisha gari juu kabisa, nje ya mpaka wa hifadhi, mahali ambapo mbwa hakatazwi. Mbele yao uwanda ulikuwa umefunguka hadi upeo wa macho, majani yanafika magotini, na katikati ya majani maua ya msimu, ya zambarau na ya njano na meupe, yanainama yote kwa pamoja upepo ukipita. Baridi iliuma masikio. Tusekile akafungua mlango wa nyuma.

Refa aliondoka kama aliyefyatuliwa.

Alikwenda moja kwa moja mpaka akawa doa la kahawia, akageuka, akarudi kwa kasi ileile, akawapita katikati bila kusimama, akazunguka gari, akaondoka tena. Ambakisye alikuwa anarukaruka mahali pamoja kama mtoto, mzee mzima mwenye kofia ya sufu. Walimrushia kijiti mpaka mabega yakauma. Walikula viazi na nyama ya kukaanga, na Refa akala sehemu yake, na sehemu ya Ambakisye. Alijigaragaza kwenye kinyesi cha ng'ombe na hakuna aliyemkemea. Jua lilipanda, likasimama utosini, na yeye hakuchoka. Kila mara alipopita karibu, Tusekile alijikuta anaangalia mbavu zake, jinsi zilivyokuwa zinapanuka na kusinyaa kwa nguvu, bila msaada wa mkeka wowote.

Halafu sungura akatokea.

Alichomoka kwenye kishungi cha majani hatua chache mbele ya Refa, mkubwa, miguu mirefu, na wote wawili wakasimama wakatazamana, kana kwamba kila mmoja anasubiri filimbi. Sungura akaanza.

"Ameondoka!" Tusekile alisikia sauti yake mwenyewe ikipaa, ile ya redioni, ambayo hakuitumia tangu astaafu. "Anaondoka na upande wa kushoto, anamwacha Refa, Refa hakubali, Refa anakuja, anakuja, anakuja! Chenga! Sungura anapiga chenga ya mwili, Refa anapitiliza, anakaa chini, ananyanyuka! Bado yumo mchezoni, mabibi na mabwana! Anakata kona, anampunguzia nafasi, mita tano, mita tatu..."

"Mkamate!" Ambakisye alipiga kelele, kofia iko mkononi. "Kata mbele! Kata mbele, Refa!"

Sungura alipanda mgongo wa kilima, Refa nyuma yake kama kivuli chake. Wakafika juu, wakaonekana kwa nukta moja dhidi ya anga, na wakatumbukia upande wa pili.

Kukawa kimya. Upepo tu.

Walisubiri huku bado wanacheka, wanapumua kwa nguvu. Walisubiri na kicheko kikaisha. Tusekile akaita. Akaita tena kwa mikono mdomoni.

"Atarudi," Ambakisye akasema.

Hakurudi.

Ilimjia Tusekile pale pale kwamba jua limeshaanza kushuka; kwamba uwanda huu hauna mwisho; kwamba mbwa mwenye nguvu kama ile anaweza kufika mpaka Makete; kwamba jua linaweza kuzama akiwa peke yake kwenye korongo fulani, anashangaa kwa nini miguu haiendi. Akaanza kukimbia. Hakuwa amekimbia kwa miaka. Sketi ilinasa kwenye majani, viatu vilijaa maji ya tindiga, na nyuma yake alimsikia Ambakisye anahema na kuita jina la mbwa, sauti imekwisha kupasuka. Walipanda kilima kile kwa mikono na miguu. Juu hapakuwa na kitu, ila kilima kingine.

"Refaaa!"

Waligawana. Ambakisye akashika kulia, yeye kushoto, akifuata mstari wa majani yaliyolala. Mstari ukagawanyika, ukazunguka, ukapotea kwenye mawe. Alikuwa analia sasa na wala hakujifuta. Hakuwa anafikiria kifo, maana hicho alishakikubali. Alichokuwa hawezi kukikubali ni kutokuwepo.

Akasikia maji. Akashuka kuelekea kwenye maji.

Refa alikuwa amesimama katikati ya kijito, maji yanafika tumboni, anakunywa kwa pupa. Matope yalimjaa mpaka masikioni. Alipomwona Tusekile alitikisa mkia uliorusha maji huku na huku, akatoka, akaja akajikung'utia mbele yake, akamlowesha chote kilichokuwa bado kikavu. Pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na kitu cha kijivu kimeganda kwenye matope. Manyoya, au majani makavu. Alipotaka kukitoa aangalie vizuri, mbwa aliramba mdomo, kikatoweka.

"Nimempata!" akapiga kelele. "Baba Sekela! Yupo huku! Mzima!"

*

Ambakisye aliteremka akiteleza kwa makalio. Alimkumbatia mbwa na matope yake yote, akamfungia mikono shingoni, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko Tusekile alivyotarajia. Alipoinua uso, mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni.

"Mama Sekela," alisema. "Mimi siwezi."

Alitoa breki. Kifuniko cha rangi ya chungwa kilikuwa kimepata uchafu wa mfukoni.

"Wewe ndiye uliyetaka," Tusekile akasema. "Wewe ndiye uliyeongea na daktari mimi nikiwa sijui."

"Najua."

"Nimekataa kutamka miezi na miezi, umenibembeleza, umenisuta, umenihesabia kiwanja..."

"Najua, mke wangu! Lakini nilimkubalia yule wa kwenye mkeka. Yule nilishamuaga zamani. Huyu hapa," akampiga Refa ubavuni, na ubavu ukalia kama ngoma, "huyu nani amemkubalia afe? Mwangalie. Mbwa mzima kama huyu unamuuaje?"

 Mumewe alikuwa amesema yaleyale ambayo Tusekile alikuwa anajiambia mwenyewe tangu asubuhi, tangu sikio la kwanza. Akanyoosha mkono, akachukua breki. Ambakisye alifumba macho kwa shukrani.

Tusekile akapiga goti. Akamshika Refa mkanda wa shingoni kwa mkono wa kushoto, akang'oa kifuniko kwa meno. Ilikuwa kazi rahisi mno. Sindano ingeingia pale nyuma ya sikio, na jioni ya leo isingekuwa ya mwisho. Kesho wangemrudisha zahanati. Angekuwepo. Angepumua. Tusekile angeweka mkono kifuani pake wakati wowote akitaka na kusikia moyo unaopiga kama saa ya ukutani, na ikiwa Mungu angependa, siku moja moja ncha ya mkia ingetikisika.

"Refa," akasema. "Nitazame, baba."

Refa hakumtazama. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, misuli inacheza chini ya ngozi, macho yamepita juu ya bega lake kwenda ng'ambo ya kijito, ambako kitu fulani kilikuwa kinatembea ndani ya majani. Akavuta. Tusekile akashikilia. Akavuta tena, kwa heshima, kama mtu anayejaribu kujitoa kwenye maongezi ya mgeni asiyeaga. Hakuwa na mashaka yoyote, wala hakuwa na habari ya jua. Kati yake na majani yale kulikuwa na kizuizi kimoja tu, nacho kilikuwa mkono wa Tusekile.

Alibaki amemshikilia. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitako cha sindano na kilikuwa kizito kama jiwe.

Kisha akaachia mkanda.

Refa akaruka kijito chote kwa mruko mmoja, akazama kwenye majani, mkia pekee unaonekana, unapeperuka kama bendera. Tusekile aligeuza bomba, akasukuma dawa yote chini, ikatoka mchirizi mwembamba, ikanywewa na matope. Alihakikisha haikubaki hata tone, kwa sababu hakujiamini.

Ambakisye alipiga ukelele mmoja mfupi. Alimtazama mkewe kama asiyemfahamu. Tusekile alidhani atampiga kofi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Badala yake alikaa chini kwenye majani yenye maji na kufunika uso kwa kofia.

"Nimekosea?" Tusekile akauliza.

"Sijui." Sauti ilitoka ndani ya kofia. "Usiniulize mimi. Mimi ningemchoma."

"Na mimi nilikuwa namchoma."

"Nimeona."

Walikaa. Hata baadaye Tusekile hakuwahi kuwa na uhakika. Kuna asubuhi ambazo angeamka akiwa amejisamehe, na nyingine akiwa hajajisamehe. Lakini wakati ule Refa alirudi na tawi refu kuliko yeye mwenyewe, akalibwaga juu ya miguu ya Ambakisye, akabweka. Ambakisye akashusha kofia. Akalitazama tawi, akamtazama mbwa.

"Haya," akasema kwa sauti ya makamasi, akanyanyuka. "Haya bwana. Twende kazi."

*

Mchana uliobaki waliutumia wote. Walivuka kijito wakarudi, wakavuka tena bila sababu. Refa aliwafukuza korongo wakubwa waliokuwa wanatembea kwa maringo kwenye tindiga, naye akafukuzwa na fahali mmoja, akajificha nyuma ya wazee wake wawili kana kwamba ndio wangemtetea, ambapo walitimka wote watatu mpaka kwenye mawe na kuanguka kwa kicheko. Tusekile hakukumbuka lini tumbo lilimuuma hivyo kwa kucheka.

Rangi ya majani ilipoanza kugeuka shaba, Refa mwenyewe alipunguza mwendo. Hakuchechemea wala hakulia. Alitembea tu, kama mchezaji baada ya kipenga, akaja mpaka walipokuwa wamekaa wameegemea gurudumu la gari, akazunguka mahali pamoja mara kadhaa ili kulaza majani, akajilaza katikati yao. Kidevu akakiweka juu ya goti la Ambakisye. Mgongo ulikuwa umegusa paja la Tusekile, na joto lake lilipenya kwenye sketi iliyolowa.

Ambakisye alianza kumsimulia mbwa habari za yule sungura, kana kwamba hakuwepo. Alisimulia vizuri, na mikono. Jua lilikuwa limegusa mgongo wa mlima. Tusekile alikuwa na kiganja chake kwenye ubavu, akausikia unapanda, unashuka, unapanda kidogo, unashuka. Akasubiri. Ambakisye alikuwa amefika kwenye ile chenga ya mwili.

"Malizia," Tusekile akamwambia, alipoona amenyamaza.

Akamalizia.

*

Walimfunga kwenye blanketi, wakamlaza kiti cha nyuma, wakateremka mlima taa zikiwa zimewashwa. 

"Lakini alimkamata," Ambakisye akasema walipoanza kuona taa za Uyole.

"Nani?"

"Refa. Sungura alimkamata."

"Hakumkamata," Tusekile akasema. "Nilimkuta anakunywa maji mikono mitupu."

"Si ulisema ulimwona na manyoya mdomoni?"

"Nilisema manyoya au majani. Sungura yule alikuwa mbali sana, alikuwa na mguu, yule."

"Mguu gani! Mbwa alikuwa nyuma yake mita moja! Wewe mwenyewe ulitangaza mita tatu, na kilima bado!"

"Nimetangaza mechi zaidi ya ulizoangalia wewe, usinifundishe kusoma mchezo. Pale juu alikuwa ameshaachwa."

"Hakuachwa!"

"Aliachwa!"

Walikuwa wanapiga kelele, machozi yanawatiririka wote wawili, gari linayumba kidogo, na hivyo ndivyo walivyofika kwenye kizuizi cha polisi. Askari kijana akawamulika tochi, akawaona wazee wawili wamejaa matope mpaka kichwani, wanalia, wanagombana. Akainama dirishani.

"Shikamooni. Kuna usalama humu? Mnagombania nini?"

"Sungura," wakajibu.

Askari alipeleka tochi kiti cha nyuma. Ikatua kwenye blanketi, kwenye sikio moja la kahawia lililotokeza nje. Ilikaa hapo kidogo, halafu akaizima. Alibaki ameinama dirishani gizani, mikono juu ya mlango, na magari yaliyokuwa nyuma yakaanza kupiga honi.

"Sasa," akauliza taratibu, "alimkamata au hakumkamata?"

Wote wawili wakaanza kumjibu kwa pamoja, kila mtu na lake.